Mtoto wa Waya na Maji ya Timbo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kikombe kitupu cha bati na kuambiwa nikivushe kutoka pembe moja ya meza hadi nyingine. Nilikiinua nikakiweka upande wa pili. Mkuu wa Idara, mzee mrefu aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuajiriwa na kanisa, alinitazama juu ya miwani yake.

"Mama, umekivusha ama umekihamisha?"

Sikujua tofauti. Alikirudisha mahali pake, akakisukuma kwa upana wa punje ya mahindi, akaondoa mkono, akabonyeza kamera. Akakisukuma tena upana uleule, akaondoa mkono, akabonyeza. "Sasa endelea wewe. Ukifika ng'ambo uniite."

Nilifika ng'ambo wakati wa chakula cha mchana, mgongo ukiwaka moto. Alizipanga zile picha kwenye kompyuta zikafuatana, na kikombe kikatembea chenyewe juu ya meza. Nilicheka kama mtoto. Yeye hakucheka.

"Kinatembea kama mlevi," alisema. "Hapa katikati ulikuwa umekasirika, ukakisukuma kwa nguvu. Kamera inaona hasira, mama. Kesho utarudia."

Nilikuwa nimetoka kiwanda cha nguo katika Eneo la Viwanda hapa Thika, ambako nilishona kola hadi mashine zilipouzwa na sisi tukarudishwa nyumbani. Mchungaji wangu alisikia kwamba idara ya filamu za watoto inatafuta mtu wa kushona nguo ndogo za wanasesere, akanipeleka. Nilidhani nitashona tu. Lakini Mkuu wa Idara hakuamini kwamba mtu anaweza kuvisha mwanasesere asiyejua anavyotembea, kwa hiyo alinifundisha yote.

Kwa ninyi vijana mnaotazama katuni kwenye simu bila kujiuliza zinatoka wapi, kazi yetu ilikuwa hivi. Mwanasesere tulimtengeneza kwa mifupa ya waya laini iliyosokotwa, mbili mbili, kisha tukaijaza nyama ya sponji na kuivisha kitambaa. Kichwa na mikono tulifinyanga kwa udongo wa mafuta, ule usiokauka, kwa sababu udongo wa mtoni hupasuka chini ya taa. Miguuni tulimchoma pini hadi ndani ya ubao laini wa dari, ili asianguke akiinua mguu. Halafu unamsogeza kidogo, unapiga picha. Picha moja tuliiita fremu. Sekunde moja ya filamu ilikula fremu kumi na mbili, kwa hiyo mtoto wa sponji akipunga mkono kuaga, umeshafanya kazi tangu chai ya asubuhi.

Jua lilikuwa adui yetu. Jua husogea bila kukuuliza, na kivuli cha mwanasesere kikizunguka, filamu inapepesa kama taa mbovu. Tulifunika madirisha kwa blanketi na kutumia balbu pekee. Tulivaa nguo nyeusi, maana blauzi nyeupe hurudisha mwanga juu ya meza. Majirani zangu waliniona miaka hiyo yote nikitoka nyumbani na nguo nyeusi, wakanihurumia, wakidhani nina msiba usioisha.

Mkuu wa Idara alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwingine. Kabla ya fremu ya kwanza tulisali, kisha alimuuliza kila mtu, "Umetoka nyumbani kwa amani?" Aliyegombana na mumewe au mkewe hakugusa mwanasesere siku hiyo. Alikata waya au akafagia. Wengine walinung'unika kwamba anaingilia mambo ya nyumba za watu. Mimi nilimwelewa. Mwanasesere hana roho, lakini anachukua chochote kilicho mkononi mwako.

Alistaafu akiwa mgonjwa, na hakukaa sana. Tulimzika Ngoliba, kwenye shamba lake kavu, siku ya vumbi na upepo. Baada ya hapo chumba chetu kiligeuzwa kuwa ghala la viti, na mimi nikahamishiwa Ruiru, chini ya Mratibu wa Watoto wa kanisa letu huko. Mratibu alikuwa kijana mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Aliniita shosho, yaani bibi, akaniambia hakuna chumba.

"Shosho, si utafanyia tu kwa nyumba? Siku hizi simu inatosha. Nitakuwekea ile programu ya kuunganisha picha."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutengeneza filamu katika chumba changu cha kulala. Nilisukuma kitanda ukutani, nikaweka meza ya mbao nzito mahali pake na kuipigilia sakafuni isitikisike. Simu niliifunga kwa mpira kwenye mguu wa stuli iliyopinduliwa, na nilipiga picha kwa kubonyeza kitufe cha waya wa masikioni, kwa sababu ukiigusa simu yenyewe inahama, na ikihama hata kidogo dunia nzima ya mwanasesere inaruka. Stima ilipopotea nilikaa gizani na kusali, bila kugusa kitu, nikingoja irudi. Nilitengeneza filamu za kunawa mikono, za kushiriki chakula, za hadithi za Maandiko. Watoto wa shule ya Jumapili walizipenda. Sikuhitaji zaidi ya hayo, na Mungu alinipa.

Kisha Njoroge akafa maji.

Chini ya mtaa wetu kuna timbo la mawe lililoachwa. Watu hapa huliita kwari. Wachimbaji walipomaliza mawe waliondoka, mvua ikalijaza, na tangu hapo limekuwa na maji meusi mwaka mzima, bila ua wala kamba. Njoroge alikuwa na umri wa miaka tisa. Walimtoa jioni, na kufikia kesho yake mtaa ulikuwa umeshaamua: alienda kuogelea, alikuwa mtukutu, hakusikia.

Wiki mbili baadaye Mratibu aliniletea hadithi aliyoiandika. Mtoto anakatazwa na mama yake kwenda timboni. Mtoto anatoroka. Mtoto anazama. Mwisho, sauti inawaambia watoto wawatii wazazi.

"Fupi, na inagusa," alisema. "Likizo inakuja, shosho. Tuimalize kabla watoto hawajafunga shule."

Niliona ni jambo la haki. Nilianza kusokota waya siku hiyohiyo. Kichwa cha mtoto kilikuwa karibu kukamilika, bado bila macho, wakati mwanamke mmoja alipobisha hodi. Nilimfahamu kwa sura kutoka kanisani. Ni mama anayefua nguo za watu Kahawa Sukari, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Alikuwa mama yake Njoroge. Lakini nilipofungua mlango nilishindwa nimwite nani. Mama kwetu huitwa kwa jina la mtoto wake, na tangu mazishi watu walikuwa wameogopa kulitaja hilo jina. Walikuwa wakimwita "yule mama wa kwari."

Aliingia, akamwona mtoto wa waya mezani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Nimesikia mtasema alitoroka."

Alikaa ukingoni mwa kitanda changu na kuweka mikono magotini. Ilikuwa mikono iliyochubuka kwa sabuni, kucha zimelainika.

"Mwalimu," alisema, kama wazazi wa shule ya Jumapili walivyoniita, "Njoroge alikuwa anaogopa maji. Hata beseni la kuoga lilikuwa vita. Mimi ndiye nilimtuma. Mfereji wa maji wa ploti tunayopanga ulikuwa umekauka siku ya nne, na mimi nilikuwa naenda kwa kazi. Nikamwambia, ukitoka shule chukua ule mtungi mdogo wa plastiki, uteke kwa kwari, pale pembeni. Nilimwambia pembeni." Alirudia neno hilo. "Sasa wanasema alikuwa mtukutu. Mtoto alikufa akitii, na wanamfanya mtukutu kwa sababu yangu. Nisaidie. Mpe mtungi wake."

"Nikimpa mtungi, watu watauliza nani alimtuma."

"Wacha waulize."

"Watakuhukumu, mama."

"Wananihukumu hata sasa, lakini kwa uongo. Mimi nataka wanihukumu kwa kosa langu lenyewe."

Usiku huo sikugusa waya. Nilipiga magoti nikafikiri juu ya amri ile inayokataza kumshuhudia mtu uongo. Sikukumbuka mahali popote iliposema kwamba marehemu hawamo. Asubuhi nilitafuta patipati kuukuu ya manjano, nikachonga kutoka kwenye soli yake mtungi mdogo wenye mkono na kifuniko. Nilimfunga Njoroge wa waya mtungi huo mkononi kwa uzi.

Mama yake alikuja Jumapili alasiri, na Jumapili nyingine, siku zake za kupumzika. Alijifunza haraka. Kumfundisha mtoto wa waya kutembea ni kazi ngumu: kisigino kwanza, kisha uzito unahamia, kisha bega linashuka. Mtoto anayebeba mtungi mtupu anatembea tofauti na anayebeba uliojaa, na mama yake ndiye aliyejua tofauti hiyo. "Hapana, mwalimu, hakuwa anautikisa. Alikuwa anauvaa kichwani kama kofia." Tulicheka kidogo, kisha hatukucheka.

Maji yalitupa shida. Maji hayakubali kusogezwa kwa kidole. Nilijaza bakuli la kioo mafuta ya nywele ya jeli, nikaweka chini yake karatasi nyeusi. Watengenezaji wengi wangeweka karatasi ya buluu, ipendeze. Mama alikataa. "Si ya buluu. Ukiangalia ndani huoni kitu."

Tulibakiza sehemu ya mwisho. Niwaambie jambo moja kuhusu kazi hii ambalo Mkuu wa Idara hakunifundisha, labda kwa sababu hakuwahi kulifikia. Katika filamu za watu halisi, mwigizaji huanguka mwenyewe. Katika filamu zetu hakuna anayeanguka mwenyewe. Mtoto akizama, ni kidole chako kinachomzamisha, upana wa punje ya mahindi, unaondoa mkono, unapiga picha, unarudi, unamsukuma tena. Nilijaribu peke yangu mara mbili. Mara zote mbili nilizima taa.

"Tuonyeshe mtungi peke yake, ukielea," nilimwambia. "Watu wataelewa."

"Ukionyesha mtungi peke yake, watasema aliuacha akaenda kucheza." Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya sweta yake. "Nitamshika mimi. Wewe piga."

Nilimuuliza kama ametoka nyumbani kwa amani. Lilinitoka kwa mazoea, nikajuta kabla sijamaliza. Alinijibu, "Hapana, mwalimu. Lakini mkono wangu hautetemeki."

Kweli haukutetemeka. Alimshusha, akaondoa mkono, nikabonyeza. Akamshusha, akaondoa, nikabonyeza. Jeli ilifika kiunoni, ikafika kifuani. Tulifanya kazi kwa mwendo mmoja, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Ilipofika shingoni mkono wake ulikwenda na haukurudi. Mimi nilishabonyeza, kwa ule mwendo.

"Mama, ondoa mkono."

"Ngoja."

Alikuwa ameshika kichwa kwa vidole viwili, nyuma, kama unavyoshika kichwa cha mtoto mchanga unapomwosha. Alikaa hivyo. Nje mtu alikuwa akiuza mayai, akipita na kipaza sauti chake, akaenda mpaka hasikiki. Sikumharakisha. Kisha akamwachilia, na kichwa kikazama chenyewe, polepole, kwa uzito wake. Ndicho kitu pekee ambacho kiliwahi kusogea chenyewe kwenye meza yangu.

Nilipoziunganisha picha niliuona ule mkono. Fremu moja tu, kupepesa kwa jicho: maji meusi, kichwa cha mtoto, na mkono mkubwa wa mtu mzima umeingia kutoka juu. Katika kazi yetu hilo ni kosa la wanafunzi. Mkono ukibaki kwenye picha, unaifuta, unapiga nyingine. Niliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Niliketi pale. Kisha nikafunga simu.

Mratibu alikuja kutazama siku ya Alhamisi. Alitazama mara mbili.

"Shosho, kuna mkono hapa."

"Nimeuona."

"Si unafuta tu?"

"Sifuti."

"Sawa. Na huu mtungi? Hadithi yangu haikuwa na mtungi."

"Alikuwa nao, mwanangu. Alitumwa maji."

Alisugua uso wake. "Shosho, unajua hii itatuletea maneno. Watu watauliza mbona mifereji imekauka. Watauliza nani mwenye kwari, mbona hakuna ua. Hiyo sasa ni siasa. Mimi nataka watoto wasiende kwa maji, basi."

"Na mimi pia. Lakini wale wanaotumwa na mama zao wataiona filamu yako, watasema haiwahusu wao. Wao si watukutu. Watachukua mitungi waende."

Aliitazama filamu mara ya tatu. Alikuwa kijana mwema, nimesema. "Mwenyekiti wa Kamati ya kanisa hatakubali itumwe kwa makanisa mengine," alisema mwishowe. "Tutaionyesha hapa, mara moja. Watoto peke yao. Ikileta shida, mimi ndiye nitaitwa, si wewe."

Ilionyeshwa Jumapili ile, kwenye ukuta wa ukumbi wa watoto. Mama yake Njoroge aliketi nyuma, karibu na mlango, na mimi kando yake. Watoto walicheka mtungi ulipovaliwa kichwani. Kisha waliacha kucheka. Filamu ilipokwisha, mwalimu wa zamu aliuliza kama kuna swali, akitumaini hakuna. Msichana mdogo wa mbele aliinua kidole.

"Ule mkono ulikuwa wa nani?"

Mwalimu alianza kusema ni makosa ya kamera. Mama yake Njoroge alisimama.

"Ni wangu."

Watoto wote waligeuka. Yule msichana alimtazama kwa makini, kwa ule ukali usio na ubaya ambao watoto peke yao wanao.

"Ulikuwa unamvuta ama unamsukuma?"

Nilimshika nguo ili aketi. Hakuketi.

"Nilikuwa nimemshika."

"Sasa mbona alizama?"

"Kwa sababu siku yenyewe sikuwa hapo. Nilikuwa kazini." Alivuta pumzi. "Alikuwa anaitwa Njoroge. Mimi ndiye nilimtuma maji. Mkitumwa huko, mkatae. Mtu akiwapiga kwa sababu ya hiyo, mwambieni aje kwangu."

Hakuna aliyepiga makofi, na ilikuwa vizuri. Mlangoni wanawake wawili waliokuwa wamekuja kuchukua watoto wao walisikia kila kitu. Mmoja wao alikuwa miongoni mwa waliosema sana. Alimwangalia, akainamisha macho, akanyoosha mkono. "Habari yako, Mama Njoroge," alisema. Mama Njoroge aliupokea ule mkono. Hakusema amesamehe, wala hakuulizwa.

Ningependa kuwaambia kwamba timbo lilizungushiwa ua. Halikuzungushiwa. Mratibu aliitwa na Kamati, na baadaye akahamishiwa kanisa jingine. Filamu haikuonyeshwa tena. Mifereji hutoa maji wiki moja na kukauka mbili. Mimi nilifanya kazi muda mfupi baada ya hapo, mpaka vidole vilipoanza kutetemeka vyenyewe, bila hasira wala huzuni, ni uzee tu. Mwanasesere wangu wa mwisho alitembea kama ana baridi. Nilitoa misumari sakafuni, nikarudisha kitanda mahali pake, nikamshukuru Mungu kwa kazi iliyonilisha, iliyonifundisha kungoja, na iliyoniweka karibu na watoto hadi nikazeeka.

Vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa na faida, maana fremu elfu na elfu zile zote zimelala kwenye simu iliyovunjika kioo. Sijui kupima faida. Najua kwamba mkono mmoja ulionekana mara moja, na watu waliuona ulivyokuwa. Sikupewa kuona zaidi ya hapo, na sijadai.

Siku za kiangazi, shule zikifungwa, Mama Njoroge hukaa kwenye njia inayoshuka timboni, akiwarudisha watoto wenye mitungi. Lakini analipwa kwa siku aliyofua, na siku za kwenda Kahawa Sukari hawezi kuwa pale. Siku hizo ninakaa mimi. Ninabeba kiti cha plastiki, mwavuli na Biblia yangu. Wavulana hunichokoza wakipita.

"Shosho, unalinda maji yasiibwe?"

"Ndiyo. Geuka."

"Na tukikataa?"

"Nitakuja na wewe mpaka kwa mama yako, na mimi natembea polepole sana. Utafika usiku."

Wanacheka, wanageuka. Wengi wao. Timbo lina njia nyingine upande wa pili, kupitia mashamba, na kutoka kitini kwangu siioni. Nimemwomba Mungu anipe mtu wa kukaa huko. Hadi leo bado hajaja, kwa hiyo ninaketi upande wangu, na ninasikiliza upande ule mwingine.